Huenda Tatu za Daktari wa Bahari

Kwa mtu aliyelipwa mshahara kwa kuijua bahari, Daktari aliogopa maji kuliko paka. Mwaka fulani ofisi ilitupeleka Mombasa kwa semina, na jioni wenzetu wote wakakimbilia ufukweni wamevaa kaptura za kuazimana. Yeye alibaki kwenye mchanga mkavu, viatu mkononi, mkoba kwapani, akiitazama Bahari ya Hindi kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani asijue kama amefungwa. Kiwimbi kilipomsogelea alirudi nyuma hatua tatu. "Daktari," nikamwambia, "si hii ndiyo kazi yako?" Hakuona haya hata kidogo. "Kazi yangu iko ndani ya kompyuta, Kamusi. Hii nyingine ni ya Mungu na nyinyi watu wa pwani."

Kamusi ni mimi. Nilikuwa karani katika ofisi yetu ya ghorofa ya sita, katikati ya jiji la Nairobi, ofisi inayofuatilia mwendo wa bahari ili nchi ipate kujua mvua itakuwaje. Kwa kuwa nilizaliwa Mombasa, na nilijua kutenganisha "hiki" na "hii", nilipewa kazi ya kuyageuza maneno ya wataalamu yawe Kiswahili kinachosomeka redioni. Yeye alikuwa mtaalamu wetu wa mikondo ya bahari, mwanamke mnene, mcheshi, mtu wa magharibi ya Kenya ambako bahari huonekana kwenye kalenda. Mimi niliyeanza kuogelea kabla sijaota meno yote sikujua lolote juu ya bahari. Yeye ambaye angeweza kuzama kwenye beseni aliijua mpaka uvunguni. Jambo hilo liliniudhi kwa miaka yote kumi na minne niliyofanya naye kazi.

Jina lake silitaji. Yu hai, anasoma kila kitu, na ana rafiki wakili kwenye kwaya. Lakini kabla sijaendelea kumcheka, niseme wazi kwamba nilimkosea. Nilimfutia neno kwenye karatasi yake, neno moja tu dogo, kisha nikanyamaza. Nitafika hapo. Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani, ndipo mtaujua uzito wa nililolifanya.

Tuanze na huo udaktari. Alikaa mtaa wa Mountain View, nami nilipanga chumba Kangemi, jirani tu, kwa hiyo jioni tulishuka kituo kimoja na kutembea pamoja mpaka njia zitugawe. Kutembea naye kulikuwa kazi, maana kila hatua kumi alisimamishwa na mgonjwa. Watu walisikia "Daktari", wakatosheka. Daktari wa nini, hawakuuliza. Fundi viatu mmoja alimkunjia suruali pale pale kando ya barabara.

"Daktari, hii goti inanisumbua mbaya."

"Mimi si daktari wa watu, ndugu yangu. Mimi ni daktari wa bahari."

"Sawa, lakini si umesoma? Nipee tu kitu."

Akalitazama goti, akatazama mbinguni, akasema, "Maji moto na chumvi. Kanda asubuhi na jioni." Wiki ya pili fundi alikuwa anavuka barabara kwa kukimbia, na wiki ya tatu wagonjwa walikuwa sita. Mgongo, jino, kifua, mguu uliovimba, wote walipewa dawa ile ile. Nilipomwambia kwamba ule ni ulaghai, alicheka mpaka akashika ukuta. "Joto na chumvi, Kamusi. Hiyo ndio elimu yangu yote. Maji yakiwa moto yanabaki juu, yakiwa baridi na chumvi nyingi yanazama, na ndio maana bahari inatembea. Nimesoma miaka tisa kujua hivyo. Huyu nimempa bure."

Kisha kuna habari ya maboya, na hapo kosa lilikuwa langu. Ofisi yetu ilipokea habari kutoka kwa mirija mirefu inayoachiwa baharini ijiendee. Hujizamisha yenyewe hadi kwenye giza, hukaa huko siku kadhaa ikichukuliwa na mkondo, halafu hupanda juu na kuipasha habari setilaiti: joto ni hili, chumvi ni hii, nimetoka pale nimefika hapa. Nikatafuta Kiswahili chake, na kwa kuwa kwetu chombo kinachoelea ni boya, nikaandika "maboya". Nilikuwa mgeni mjini. Sikujua kwamba Nairobi boya ni mtu mjinga, yule anayecheka mzaha wa jana leo. Taarifa ikatoka, safi, na mhuri juu: "Maboya yetu yanatuarifu kwamba bahari inapata joto."

Mama wa chai aliisoma kwa sauti kwenye korido. Dereva wa mkurugenzi akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Kumbe hii ofisi inaendeshwa na maboya? Mimi nilijua kitambo."

Mkurugenzi aliamuru neno libadilishwe, lakini Daktari hakukubali. Alisema neno ni zuri, halina kosa, na anayejishuku ajishuku mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa anayapa maboya majina ya wakubwa wa ofisi, siri yake na yangu. Asubuhi hufungua kompyuta, akaniita. "Kamusi, kuja uone. Mkurugenzi amezama tangu Jumanne." Siku nyingine, "Naibu amepanda juu lakini hana la kusema." Boya lenye jina la mkuu wa utumishi lilikwama mahali kwenye tope likawa linatuma namba ile ile kila mara, na Daktari akaapa hajawahi kuona chombo kilichorithi tabia za mtu namna ile. Nilicheka kazini miaka ile kuliko nilivyocheka maisha yangu yote.

Alikuwa na maneno yake ya kuelezea mambo, na mengi niliyaiba nikayatia redioni. Hewa, alisema, ina akili ya mlevi: asubuhi haikumbuki ya jana. Bahari ina kumbukumbu ya mama mkwe. Joto ililolipata mwaka huu italificha kifuani, ije ikutajie mwaka kesho mbele ya wageni. Mkondo wa pwani ya Somalia, ambao sehemu ya mwaka huelekea kaskazini na sehemu nyingine ukageuka kuja kusini, aliuita Mheshimiwa. Na maji ya moto yanapohama kutoka mashariki ya bahari yakaja upande wetu, mvua huyafuata nyuma kama wageni wanavyofuata moshi wa nyama. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimweka macho, hayo maji ya moto, yako wapi leo na yanaelekea wapi.

Ajabu ni kwamba mtu huyu, aliyeitangazia nchi nzima habari ya mvua, hakuthubutu kuanika nguo bila ruhusa ya mama mboga. Huyu mama alikuwa na kibanda chake sehemu ya chini ya soko la Kangemi, karibu na mto, na Daktari alimpitia kila Jumamosi asubuhi.

"Mama, leo nifue?"

"Hiyo wingu? Hiyo ni ya kutisha watu tu. Fua, Daktari."

"Na kesho je?"

"Kesho usiguse blanketi."

Mama mboga hakukosea, na mimi nikapata la kusema. Nikamuuliza Daktari kwa nini ofisi isimwajiri yule mama, tupunguze gharama za setilaiti. Alijibu huku akichagua nyanya. "Yeye anajua ya leo, mimi najua ya miezi mitatu ijayo. Sasa nguo nitaiacha kwa kamba miezi mitatu?"

Nilipata taabu kubwa na neno lake moja. Daktari hakuwahi kusema itanyesha. Alisema huenda ikanyesha. Mhasibu alimwalika kwenye harusi ya bintiye akajibu huenda, na mhasibu akamnunia mwezi mzima, ingawa Daktari alifika harusini wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Kanisani kwao, nilisimuliwa, mchungaji aliuliza kwa sauti kuu kama wako tayari kwenda mbinguni, kanisa zima likaitikia ndiyo, na sauti moja kutoka kwenye kwaya ikasema huenda. Nilimwambia hiyo ni tabia mbaya, ni kutokuwa na msimamo. Akakasirika, na hakuwa mwepesi wa kukasirika.

"Sikia, Kamusi. Mimi nikiona maji moto yamekuja upande wetu, mara nyingi mvua huja. Mara ingine haiji. Hiyo mara ingine lazima ipate nyumba kwa sentensi yangu. Nyumba yake ni huenda. Ukiibomoa, umenifanya mwongo."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Siwezi kujitetea kwamba sikuambiwa.

Basi, ukaja msimu ambao ramani yake iligeuka nyekundu upande wetu. Maji ya moto yalikuwa yamesogea, na Daktari akaja kwenye meza yangu kunisomea taarifa. Hakuwa na kawaida ya kuandika. Alitembea nyuma ya kiti changu akitafuna njugu, akiongea Kiswahili chake cha Nairobi, nami nikipiga chapa na kunyoosha. "Huenda mvua ikazidi," akasema. "Huenda ikaanza mapema. Huenda maji yakajaa huko mabondeni." Halafu akaenda kutafuta koti lake.

Nikabaki nikiitazama karatasi. Huenda, huenda, huenda, kama mtu mwenye kigugumizi. Wiki ile ile mtangazaji mmoja alikuwa amenitania kwenye simu kwamba taarifa zetu zinasomeka kama kiapo cha mshtakiwa. Maneno yale yalikuwa yamenichoma, maana Kiswahili ndicho kitu pekee nilichokuja nacho Nairobi. Nikaifuta huenda ya pili, kwa ajili ya mtiririko tu. Nikaifuta ya tatu. Ile ya kwanza ikabaki peke yake, haina wenzake, inachekesha, nikaifuta nayo. "Mvua itazidi. Itaanza mapema. Mabonde yatajaa maji." Nikaisoma kwa sauti nikajisikia raha, Mungu anisamehe. Daktari alirudi akiwa amekwisha kuvaa koti. "Umeinyoosha?" Nimeinyoosha. Akatia sahihi akiwa amesimama, hakusoma, maana hakuwa amewahi kuwa na sababu ya kusoma kazi yangu.

Redio ilisoma. Chifu akasoma kwenye baraza. Mama mboga, aliyekuwa akimwamini Daktari kwa ya miezi mitatu kama Daktari alivyomwamini yeye kwa ya leo, akang'oa kibanda chake karibu na mto, akawapeleka watoto kwa dada yake, akangoja. Majirani zake wengi walifanya hivyo hivyo. Na mvua? Ilinyesha ya kutuliza vumbi, ikaenda zake. Aliporudi sokoni alikuta mtu mwingine ameweka kibanda pale pale.

Alikuja ofisini, ghorofa ya sita, kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa imekufa, na nyuma yake wanawake wanne. Hakupiga kelele. "Daktari, wewe hukusema pengine. Ulisema itanyesha. Mimi nilisikia na masikio yangu." Daktari alimwangalia kama mtu aliyeambiwa ameonekana mahali ambapo hakwenda. Mama mboga alihangaika miezi kabla ya kupata nafasi nyingine, mbaya zaidi, chini zaidi.

Mkurugenzi akaitisha kikao. Mimi nilikuwepo, kwenye pembe, nikiandika kumbukumbu.

"Daktari, hapa hakuna 'maybe'," mkurugenzi akasema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Hakuna mahali. Umeambia wananchi itanyesha, full stop."

"Mimi husema huenda."

"Nionyeshe wapi."

Daktari akavaa miwani, akaichukua karatasi, na kwa mara ya kwanza akaisoma. Akapitisha kidole kwenye kila mstari. Akarudia. Kisha akainua uso akaniangalia mimi, muda mrefu, mpaka wengine nao wakageuka kuona anaangalia nini. Nikalitazama zulia. Lilikuwa na doa la chai lenye umbo la kisiwa, nalikumbuka mpaka leo. Nikasikia akisema, kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida, "Kama haiko, basi sikuisema. Sahihi ni yangu."

Akanyang'anywa taarifa. Vijana wawili wakapewa kuandika, na yeye akaachiwa kuhesabu maboya. Mimi nilirudi kwenye meza yangu nimejaa shukrani. Amenificha, nilijiambia. Amejua ni mimi, ameniangalia ili nijue kwamba amejua, kisha ameubeba msalaba wangu. Nilimwona mkubwa kama nini! Kila nilipokwenda Mombasa nilimrudia na halua na mabuyu, nikaziweka mezani pake bila neno, naye akazipokea bila neno, nami nikadhani tumeelewana. Uongo wa aina hiyo ni mtamu sana kuukalia. Unatenda kosa, halafu unajiona una rafiki mtakatifu.

Baada ya hapo akaanza vituko vipya, na mimi, hayawani, nikavicheka. Alianza kuandika vikaratasi vya njano. Kimoja kwenye kompyuta, "Soma tena." Kimoja kwenye mkoba, "Miwani, simu, funguo." Alianza kurudi nyumbani kutoka kituoni kwenda kuhakikisha jiko limezimwa, siku nyingine mara mbili. Aliliuza gari lake dogo akasema magoti hayaruhusu, nami nikamtania kwamba chumvi imeshindwa. Hakucheka. Maboya aliacha kuyaita kwa majina ya wakubwa, akayaita kwa namba zake.

Na msimu mmoja, miaka miwili baadaye, nilipita nyuma yake nikaona ramani imekuwa nyekundu tena upande wetu, nyekundu kuliko ile ya mwanzo.

"Daktari, mbona hivi?"

"Uliza wenye kuandika."

"Lakini wewe unaona nini?"

"Mimi siko sure na vile naona," akasema, akaifunga kompyuta.

Nilidhani amenuna. Nikasema moyoni ana haki ya kununa, lakini amezidisha. Vijana waliandika mvua ya kawaida. Mvua iliyokuja haikuwa ya kawaida. Mto ulipanda ukaingia sehemu ya chini ya soko, na kibanda cha mama mboga, kile kipya cha chini zaidi, kikaondoka na sukuma wiki yote, meza na mizani. Hakufa mtu, tulishukuru. Daktari alikuja na mabuti ya mpira, yeye mwoga wa maji, akaingia hadi magotini kumsaidia yule mama kutafuta mbao zake. Nilimwona akilia na nikadhani ni huruma tu. Miezi michache baadaye akastaafu kabla ya wakati wake. Sababu, alisema, ni magoti.

Hapo tukapoteana kidogo, jinsi watu wanavyopoteana wakikaa karibu. Mwaka huu, siku ya Ijumaa, nilikuwa nikinunua vitunguu nikasikia kutoka kwa mama mboga, ambaye sasa anauza karibu na barabara kuu, mbali na mto.

"Umesikia Daktari anahama? Msichana wake anamkujia Jumapili, wanaenda kukaa Eldoret. Ati ameanza kusahau."

"Daktari? Asahau?" Nikacheka kweli.

"Ata ni yeye mwenyewe anasema. Ati ilianza kitambo."

Jumamosi asubuhi nikaenda na halua yangu, kuaga. Nilimkuta sebuleni katikati ya katoni zilizofungwa kwa utepe wa gundi, kila moja na maandishi ubavuni. Vikaratasi vya njano vilikuwa kila mahali: kwenye mlango, kwenye friji, kwenye jiko kimoja kikubwa, "ZIMA". Alifurahi kuniona. Alikuwa amekonda. Akanipikia chai, akazima jiko, akarudi kuliangalia, akaketi.

Nikaona kama sisemi leo sitasema tena. "Daktari, nimekuja kukushukuru. Kwa siku ile ya kikao. Ulinificha, na sikuwahi kukwambia ahsante."

"Nilikuficha wapi?"

"Siku ile. Ulijua ni mimi niliyelitoa neno, ukasema sahihi ni yako."

Akaweka kikombe chini. "Neno gani?"

Miaka yote ile nilijiandaa kwa hasira yake, kwa msamaha wake, hata kwa mzaha wake. Kwa swali lile sikuwa nimejiandaa. "Huenda," nikasema. "Zote tatu. Nilizifuta mimi."

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Mimi nilizisema?"

"Ulizisema mara tatu, Daktari. Ulikuwa unatembea nyuma ya kiti changu unatafuna njugu."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania baiskeli. Aliposema hakuniangalia mimi, aliangalia mikono yake. "Mamangu alianza na maneno. Kwanza maneno, halafu majina, halafu sisi. Siku ile nilisoma ile karatasi nikaona huenda haiko. Huenda, Kamusi! Ni kama kusahau nimezaa. Nikakuangalia wewe. Nilikuwa nataka uniambie kama niliisema."

Doa la chai, zulia, shukrani zangu zote. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona na sitaki kuiona tena.

"Nikajua imeanza," akaendelea. "Nikaanza kujichunga. Na mtu akijichunga, atakosa kuona kitu? Leo miwani, kesho funguo. Nikauza gari. Nikaona maji moto yanakuja, nimeyaona mwezi mzima kabla ya mvua, nikasema hapana, hiyo ni kichwa yako, mama, nyamaza. Nikanyamaza. Kibanda ya mama mboga ikaenda." Hapo akainua macho. "Na wewe miaka yote ulidhani nakuficha?"

"Nilidhani hivyo."

"Kamusi." Kitu kikamtikisa mabega, sikujua ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. "Kamusi, ningejua ni wewe ningekutaja kabla mkurugenzi hajavuta kiti! Ningekutaja na jina la babako! Mimi nikufiche, nani amekuambia mimi ni malaika?" Sasa alikuwa anacheka, kile kicheko cha zamani cha kushika ukuta, na machozi yanateremka mashavuni. Alilia na kucheka mpaka nami nikalia, na mimi sikuwa na haki ya kulia pale.

"Nisamehe, Daktari."

"Hiyo ngoja. Hiyo nitaangalia baadaye." Alijipangusa uso kwa kitambaa cha meza. "Sasa hivi niko na kazi."

Akachukua simu, akabonyeza, akaiweka juu ya katoni mbele yangu, sauti ikiwa wazi. Iliita mara mbili. Sauti ya mwanamke kijana ikaja, yenye haraka, yenye upole ule wa kuwasemesha wagonjwa. "Mum, sasa umesahau nini tena?"

Daktari aliisukuma simu kwa kidole mpaka ikanigusa goti.

Nikamwambia yule binti jina langu, na mahali nilipofanya kazi na mama yake. Nikamwambia, "Mama yako hakusahau kitu. Neno lile nililitoa mimi."

"Neno gani?" akauliza, na upole ulikuwa umeisha.

Ikabidi nianze mwanzo, polepole, bila kunyoosha chochote. Nilipofika kwenye kikao niliinua kichwa nikamwona Daktari amechukua kisu cha jikoni, amepiga magoti kando ya katoni ya kwanza, anakata utepe aifungue.